Simu iende malishoni, pesa zote zisiende nayo

Kuna kijana mmoja wa upande wa Idsowe ambaye alirudi ndani ya mto Tana kutafuta simu. Walikuwa wanavusha ng'ombe, maji yamemfika kifuani, na simu alikuwa ameifunga kwenye ncha ya kikoi akajitwika kichwani. Fundo likafunguka. Ng'ombe walikuwa wameshavuka wote, na yeye mwenyewe alikuwa karibu kutoka, lakini akageuka akapiga mbizi. Waliokuwa ukingoni walimpigia kelele mpaka sauti zikawakauka, maana Tana ni mto wa mamba na viboko, na mtu wa huku hahitaji kuelezwa hilo. Alipotoka mikono mitupu wakamuuliza ameingiwa na wazimu gani. Akajibu, "Pesa za fahali ziko mle."

Hazikuwa mle. Kilichozama kilikuwa kabambe ya kawaida, ile yenye tochi tunayoiita mulika mwizi. Hebu nilisema wazi hapa mwanzo, kwa sababu nimegundua watu wengi wanaotumia huduma hii kila siku hawajawahi kuelezwa: pesa zako hazikai ndani ya simu, na hazikai ndani ya laini pia. Zinakaa kwenye akaunti yenye jina lako na nambari yako, kwenye mitambo ya kampuni. Simu ni mlango tu wa kuzifikia. Ikizama, ikiibiwa au ikikanyagwa na ng'ombe, unakwenda dukani na kitambulisho chako, unapewa laini nyingine yenye nambari ileile, na salio unalikuta lilivyokuwa. Hakuna haja ya kugombania kabambe na mamba.

Kisa hiki nilisimuliwa na mjomba wa huyo kijana, siku ya mnada wa mifugo pale Garsen, tulipokuwa tumeweka meza na mwavuli wetu wa kufundisha wateja. Alikuwa anacheka. Mimi nilishindwa kucheka, kwa sababu nimesomea mauzo na kazi yangu ni kuwaeleza watu huduma inavyofanya kazi, na hapa kuna mtu aliyekaribia kufa kwa jambo ambalo lingeelezwa kwa dakika moja. Halafu mzee akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike haya.

"Sasa binti yangu, wewe uliyesoma, niambie. Mtu anakwenda safari ya miezi miwili na mifugo. Aende na simu ama aiache nyumbani?"

Nikamjibu haraka haraka, aende nayo mzee, si ni usalama wake? Akatikisa kichwa.

"Na watoto watakula nini?"

Ndipo nikajua kwamba swali lenyewe sikuwa nimelielewa.

Kwingine swali hili ni la starehe. Marekani kuna njia ya miguu inaitwa Appalachian Trail, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka Georgia mpaka Maine, na wanaoitembea kwa miezi hubishana kama simu ni kitu cha kubeba ama inaharibu utulivu wa msitu. Hata hapa kwetu, wale wenzetu wa Nairobi wanaopanda milima ya Ngong wikendi utawasikia wakisema wamezima simu ili akili ipumzike. Sawa, na wapumzike. Lakini mtu anayetoka Assa au Kone na ng'ombe wa ukoo mzima, mabwawa yamekauka na anatafuta malka ya kufikia maji ya mto, hatembei ili akili ipumzike. Kiangazi mifugo hushuka delta kufuata majani, mvua zikinyesha hurudi nyika. Delta hiyo, ambayo tangu 2012 iko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, kwa watu wa Tana River na majirani wao wa Garissa na Lamu ni ghala la majani la mwaka mbaya. Na miaka mibaya tumeiona. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya maana, na watu wakawa wanatembea mbali kuliko walivyozoea. Halafu mwisho wa 2023 yakaja mafuriko, na aliyekuwa ng'ambo ya mto akabaki ng'ambo.

Safari kama hiyo mtu hurudi baada ya wiki sita, nane, wakati mwingine msimu mzima. Na nyumbani kwake mara nyingi kuna laini moja tu yenye pesa, iliyosajiliwa kwa jina lake. Akiondoka nayo, mke hawezi kununua unga, hawezi kulipa karo, hawezi kupokea alichotumiwa na mtoto aliye Mombasa. Akiiacha, yeye ndiye anakwenda porini bila sauti.

Pale chini ya mwarobaini niliwauliza wazee wengine waliokuwa wanasubiri bei. Karibu wote walisema huiacha. Wanaiacha kwa mama watoto, pamoja na PIN.

Sasa mimi najua ninachotakiwa kusema nikisikia hivyo. Imeandikwa kwenye kila karatasi tunayogawa: usimpe mtu yeyote PIN yako, hata mke, hata mume, hata wakala, hata mtu anayesema amepiga kutoka kampuni. Na ni kweli, sitalegeza neno hata moja. Lakini ukimwambia hivyo mtu anayeondoka kesho alfajiri na ng'ombe, na ukaishia hapo, umemwambia afunge ghala aondoke na ufunguo, watoto wabaki ndani na njaa. Atakuitikia kwa heshima, halafu ataacha PIN.

Chuoni tulisoma tangazo la kwanza la M-Pesa, ile huduma iliyozinduliwa Kenya Machi 2007. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: tuma pesa nyumbani. Wahadhiri hulipenda tangazo hilo, na wana haki, kwa maana lilimlenga mtu wa mjini aliye na mshahara na wazazi kijijini, na mtu huyo alikuwepo kwa maelfu. Lakini huku kwetu picha imegeuka juu chini. Mwenye laini yuko porini pasipo netiweki. Aliye nyumbani ndiye aliye karibu na wakala. Na pesa zenyewe hazitoki mjini, zinatoka mnadani, kwa mkupuo mmoja, halafu zinatakiwa zitoshe miezi mitatu. Nafikiri sisi wenye kuuza huduma hizi tumechelewa sana kuiangalia picha hii.

Kinachotokea PIN ikiachwa nimekiona. Mama mmoja, sitamtaja kijiji, aliachiwa simu na PIN. Hasomi, na hilo si kosa lake. Kila akitaka kutoa pesa alimpa kijana wa duka simu, akamtajia zile tarakimu nne kwa sauti, kijana akabonyeza. Mwezi wa kwanza hakukuwa na neno. Wa pili pesa zikaanza kupungua, mia tatu leo, mia tano keshokutwa, kidogo kidogo kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Mume aliporudi akahesabu pesa za madume wawili akakuta hazifiki. Akamshuku mke. Mke akashuku kampuni. Walipokwenda kulalamika wakajibiwa kwamba PIN ilitajwa kwa hiari, basi hakuna la kufanya. Kijana wa duka yupo, anauza sukari mpaka leo.

Kwa sheria ya huduma jibu lile lilikuwa sahihi. Bado linaniuma. Nyumba ile ilikaa mwezi mzima bila mume na mke kuzungumza.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na sasa nauandika nikiwa nimelifikiria swali la mzee vizuri. Simu iende na mchungaji. Pesa nyingi zibaki nyumbani. Lakini zibaki kwenye laini ya yule anayebaki, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, na PIN anayoijua peke yake.

Kabla ya kuondoka, ukiwa bado Garsen au Minjila ambako netiweki ipo na hakuna haraka, mtumie mke wako pesa za nyumba. Zote kwa mara moja au nusu sasa na nusu ukifika mahali penye netiweki, hilo ni lenu. Wewe baki na kiasi cha safari. Ukifanya hivyo simu yako ikizama kilichofungiwa njia kwa muda ni pesa za njiani, na nyumbani wanakula kama kawaida. PIN haijatajwa kwa mtu.

Nilipomweleza mzee hivyo, wenzake wakaanza kuguna. Mmoja akasema, "Laini mbili ni nyumba mbili." Mwingine akasema mwanamke akipewa laini yake ataficha pesa, na ndugu zake watakuja kukopa wasilipe. Sikutaka kubishana na wazee wa umri wa babu yangu hadharani, lakini hapa nina nafasi ya kujibu, na nitajibu kwa adabu. Laini moja inayoshikwa na watu wawili ndiyo inayoficha. Ukiona elfu mbili zimetoka huwezi kujua ni mke, ni mtoto, ama ni kijana wa duka. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ukimtumia mke wako elfu ishirini, kuna ujumbe kwako na ujumbe kwake, tarehe na saa. Akilipa karo kwenye akaunti ya shule, kuna ujumbe. Mkikaa usiku mkahesabu, kila shilingi ina njia. Anayetaka kumchunguza mke wake, basi hata kwa hilo laini mbili zinamsaidia zaidi ya moja.

Kuhusu ndugu kukopa, sina jibu. Hiyo haijawahi kuwa shida ya simu.

Kikwazo chenyewe hasa kiko pengine. Laini haisajiliwi bila kitambulisho, na kina mama wengi niliokutana nao kwenye hivi vijiji vya delta hawajawahi kukichukua. Wengine wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji, au la mtoto wa jirani, wakidhani ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Akaunti ni ya mwenye jina. Siku mtakapokosana, au siku laini itakapopotea, mwenye kitambulisho ndiye atakayesimama dukani kuidai, na pesa ulizouza mbuzi zako zitakuwa zake machoni pa kampuni. Kama unasoma hapa na mama yako au shangazi yako anatumia laini ya jina la mtu mwingine, anzia hapo kabla ya jambo lingine lolote.

Sasa nirudi kwenye simu yenyewe kwenda malishoni, maana kuna wazee wanaosema kabisa isiende. Wanasema imewafanya vijana wavivu. Zamani walitumwa watu wa kutangulia, wanakwenda siku mbili kukagua majani na maji kwa macho yao, wanarudi kueleza. Siku hizi kijana anampigia binamu yake, anaambiwa "huku kuna majani," anahamisha ng'ombe, na akifika siku ya nne anakuta wamefika watu ishirini waliopigiwa simu ileile. Wazee hawa nawaunga mkono. Habari ya malisho kwa simu inachacha haraka kuliko maziwa. Bado mtu aende akaone.

Lakini porini pana mambo yasiyongoja mtu aende akaone. Nyoka akimuuma mchungaji saa nane mchana, pikipiki ya kumwahisha hospitali inaitwa kwa simu ama haiitwi. Ng'ombe wakiingia shamba la mahindi la mtu usiku, simu moja kutoka kwa mzee wa wafugaji kwenda kwa mzee wa wakulima kabla ya jua kuchomoza inaweza kuigeuza kuwa hesabu ya fidia tu. Watu wa Tana Delta hawahitaji kukumbushwa jambo kama hili linafika wapi likiachwa mpaka saa nne asubuhi. Mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 tulizika zaidi ya watu mia moja. Ni kweli pia kwamba simu hiyohiyo husambaza uvumi, na mtu mjinga mwenye bando ni hatari kuliko fisi. Lakini uvumi hauzuiliki kwa wewe kuacha yako nyumbani. Utakufikia tu, ila utakufikia bila wewe kuwa na njia ya kuuliza kama ni kweli.

Nambari za kushika kichwani ni 999 au 112 kwa dharura. Hiyo 112 ina faida moja ambayo wengi hawaijui: mtandao wa kampuni yako ukikosekana lakini wa kampuni nyingine ukawepo, simu inaweza kuipitisha huko. Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya nalo lina 1199. Pasipo mnara wowote hakuna nambari itakayoita, na nyika za kuelekea Kone zina sehemu ndefu za namna hiyo. Ndiyo maana nashauri muwe na siku maalumu. Kuna familia moja niliyokutana nayo Tarasaa ambao wamepatana Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri. Mchungaji anajua mpaka Ijumaa awe amepanda mahali penye netiweki hata kama ni mguu wa saa mbili. Ijumaa ikipita kimya, nyumbani hawapanikiki. Zikipita mbili, kaka yake anapanda pikipiki. Siku zilizobaki simu imezimwa. Na izimwe kweli, kwa sababu simu iliyo mahali pasipo netiweki haipumziki, inatafuta mnara mchana na usiku mpaka chaji inaisha bila kupigwa hata mara moja. Kabambe iliyozimwa na kuwashwa kwa kiasi inakwenda wiki kadhaa. Simu kubwa ya kioo, hata ukiwa na sola ya mgongoni, itakusumbua, ingawa ina ramani inayoweza kukuonyesha ulipo bila netiweki kama uliipakua mapema. Kwa mchungaji anayeijua nyika tangu utoto, ramani hiyo sidhani ni ya muhimu. Kabambe inatosha.

Ukimya huo wa katikati ya Ijumaa mbili matapeli wanaujua. Mtu anapiga nyumbani kwa nambari ngeni, sauti ya haraka, anajua mpaka jina la mume. Anasema ng'ombe wamekamatwa, ama mume ameumia na yuko kliniki, tuma elfu nane sasa hivi. Mke anapiga simu ya mume. Imezimwa. Mnaona mtego ulivyo? Simu kuzimwa, ambako ni jambo la kawaida, ghafla kunaonekana ni ushahidi. Dawa yake haihitaji teknolojia. Pataneni neno moja kabla ya safari, jina la ng'ombe aliyekufa zamani, jina la kisima, chochote ambacho mgeni hawezi kukibahatisha. Anayepiga kwa niaba ya mume na hana neno, hatumiwi hata bob.

Na kabla simu haijatoka nyumbani, ifungwe kwa kufuli mbili, watu wengi wana moja tu. PIN ya pesa unaijua. Kuna PIN nyingine ya laini yenyewe, ambayo simu inakuuliza kila ikiwashwa. Iweke, utaipata kwenye mipangilio ya usalama, hata kabambe inayo. Bila hiyo, anayeokota simu yako njiani anaitoa laini, anaiweka kwenye simu yake, na ujumbe wako wote unaingia kwake. Ukiikosea mara tatu itadai PUK, na ukikosea PUK mara kumi laini imekufa, kwa hivyo iandike PUK mahali nyumbani kabla ya kuondoka. Simu ikipotea, azima ya yeyote, piga huduma kwa wateja siku hiyohiyo laini ifungwe. Usingoje mpaka urudi.

Beba pia pesa taslimu kidogo. Najua kampuni inayonilipa mshahara ingependa niseme vingine, lakini anayekuuzia maji ya kisima porini hana wakala karibu, na hata Garsen mjini siku ya mnada utakuta mawakala wameishiwa floti saa sita. Tatizo hili tunalijua na hatujalimaliza.

Limebaki la mnadani, na hapa naomba msinichoke kwa sababu ndipo pesa kubwa huliwa. Umeuza, mnunuzi anabonyeza simu, simu yako inalia, ujumbe unasema umepokea elfu sitini. Watu wengi hapo wanakabidhi kamba. Usikabidhi. Ujumbe unaweza kutungwa na mtu yeyote mwenye simu. Ingia mwenyewe kwenye menyu ya huduma, uliza salio, ukiliona limepanda ndipo ng'ombe abadilishe mkono. Mnunuzi wa kweli hatakasirika kungoja nusu dakika. Kama mnauziana mahali pasipo netiweki, nendeni wote na ng'ombe mpaka ilipo, ama akulipe taslimu mbele ya mashahidi. Na kama umeuza wengi kwa pamoja, kumbuka kiwango: tangu Agosti 2023 akaunti moja inaruhusiwa kubeba mpaka shilingi 500,000, na kutuma kwa mara moja hakuzidi 250,000. Anayekwambia "imekataa, nipe ng'ombe nitakutumia zilizobaki kesho," mwambie kesho ng'ombe atakuwa hapahapa.

Nilimwona tena yule mzee mnada uliofuata. Hakuja na swali la simu. Kijana wake alikuwa ameshachukua laini nyingine yenye nambari ileile, na pesa za fahali alizikuta zote. Mzee alikuwa amekuja na mkewe, mama mfupi mwenye buibui, akakaa mbali kidogo na meza yetu kama mtu aliyeletwa asipotaka.

"Huyu hana kitambulisho," mzee akasema. "Ofisi yao inafunguliwa saa ngapi?"

Nikawaambia saa mbili. Mama akasema basi watangulie kabla jua halijawa kali, akainuka.